Wauguzi Wetu na Njia ya Digrii

Haupiti mwaka hapa Ilongero pasipo mzazi kumwendea mwalimu na kumwuliza habari za uuguzi. Zamani swali lilikuwa jepesi: je, mtoto aweza kupokewa katika chuo cha wauguzi? Siku hizi swali limekua. Wazazi wamesikia ya kuwa iko digrii ya uuguzi, na ya kuwa iko njia ya kuipata upesi, nao wataka kujua njia hiyo yaanzia wapi, na kama yafaa kuuza ng'ombe wawili kwa ajili yake. Swali hili halijibiwi kwa neno moja. Tumeona ni vema kwanza tueleze elimu hii ilikotoka, maana asiyejua ilikotoka hudhani ya kuwa upesi huo ni zawadi ya bure.

Hapo kale katika nchi hii ya Warimi, kama katika nchi zote za jirani, kazi ya kumwuguza mgonjwa ilikuwa ya mama na dada, na kazi ya kumzalisha mwanamke ilikuwa ya wazee wa kike waliozoea. Binti alifuatana na nyanya yake, akatazama, akashika taa, akachemsha maji, na baada ya miaka mingi akaachiwa kazi mwenyewe. Hakuna aliyempa cheti, wala hakuna aliyehesabu miezi ya mafunzo yake. Hatusemi hayo kwa dharau. Wengi wetu tusomao gazeti hili, au wazazi wetu, tulipokewa duniani na mikono hiyo. Lakini mikono hiyo haikuwa na dawa ya kuzuia damu, wala haikujua kwa nini kidonda huoza, na makaburi ya mama zetu wengi ni ushahidi.

Uuguzi wa kusomea na kufanyia mtihani si jambo la kale sana hata huko Ulaya. Mwaka wa 1836 mchungaji mmoja Mdachi, Theodor Fliedner, pamoja na mkewe Friederike, walifungua nyumba katika mji mdogo wa Kaiserswerth, kando ya mto Rhein, ili wanawake Wakristo wafundishwe kuwatunza wagonjwa na maskini. Kabla ya hapo, katika miji mingi ya Ulaya, mwanamke wa hospitali alihesabiwa kuwa mtumishi wa kufagia na kumwaga maji machafu, tena mara nyingi mlevi. Katika nyumba hiyo ya Kaiserswerth aliingia, mwaka wa 1851, binti wa tajiri wa Kiingereza jina lake Florence Nightingale. Alikaa huko kujifunza kwa muda wa kama miezi mitatu tu.

Wapendao njia fupi hupenda kuitaja miezi mitatu hiyo. Lakini tazameni yaliyotangulia. Nightingale alizaliwa mwaka wa 1820. Baba yake alimfundisha nyumbani lugha za kale, historia, na hasa hesabu, ambayo aliipenda kuliko kushona. Kwa miaka mingi jamaa zake walimkataza kazi ya hospitali, naye katika miaka hiyo alisoma taarifa za hospitali za nchi nyingi, akaziandika na kuzilinganisha asubuhi kabla watu wa nyumba hawajaamka. Kwa hiyo alipofika Kaiserswerth hakuwa kama mtu aanzaye alifu. Mwaka wa 1854 vita vilipokuwa vikali kati ya Warusi na Waingereza na rafiki zao, alikwenda Scutari, katika nchi ya Waturuki, pamoja na wanawake 38, akakuta askari wakifa kwa homa na kuhara kuliko kwa risasi. Alirudi kwao na hesabu za vifo hivyo, akazichora kwa namna ambayo hata wakubwa wasiopenda kusoma waliweza kuziona kwa macho. Mwaka wa 1860 chuo chake kilifunguliwa katika hospitali ya St. Thomas, London, na mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja. Twaomba msomaji aikumbuke ile hesabu, kwa sababu tutairudia tukifika katika shule zetu.

Marekani nao wana habari zao za haraka. Mwaka wa 1943, katika Vita Kuu ya pili, Serikali yao iliona wauguzi hawatoshi, ikaanzisha jeshi la wasichana wanafunzi wa uuguzi, ikawalipia ada na nguo na kuwapa posho. Mafunzo yaliyokuwa ya miezi 36 yakabanwa kuwa 30, na miezi ya mwisho mwanafunzi aliifanya kazini hospitalini. Kisha mwaka wa 1971 chuo kikuu cha Saint Louis kilianza digrii ya uuguzi ya haraka kwa watu wenye digrii nyingine tayari, na vyuo vingi vikafuata. Huko mtu aliyesomea kilimo au ualimu aweza kumaliza uuguzi kwa mwaka mmoja, au mwaka mmoja na nusu. Hii ndiyo habari inayofika vijijini kwetu ikiwa imekatwa mkia: watu husikia "mwaka mmoja" wala hawasikii "kwa mwenye digrii tayari." Tena mtu huyo, kabla hajapokewa, hudaiwa awe amesoma habari za mwili wa binadamu na kazi za viungo vyake, habari za vijidudu, kemia, na elimu ya takwimu. Asiyeyasoma hayo hurudishwa kuyasoma kwanza.

Sasa na turudi kwetu Afrika ya Mashariki. Katika Uganda, hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka wa 1897 na daktari Albert Cook wa misioni ya CMS, naye bibi Katharine Timpson, ambaye baadaye aliolewa na Cook, ndiye mwuguzi aliyefika katika safari ile ile. Baada ya Vita Kuu ya kwanza bibi huyo alianza kuwafundisha wasichana wa Kiganda ukunga, maana watoto walikuwa wakifa kwa wingi mno. Upande wa Wakatoliki, Mama Kevin, mtawa kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka wa 1903, alianzisha chuo kama hicho Nsambya, mwaka wa 1921. Wasichana hao walipopelekwa vijijini peke yao, wazee wengi walishangaa: msichana asiyezaa bado atamfundisha nini mwanamke mwenye watoto sita? Jibu lilionekana polepole, katika hesabu ya watoto waliobaki hai.

Katika Tanganyika mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na hapa twataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo lilipo shina la shida zetu. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Kiingereza, ikiwa na madaktari wachache na nchi kubwa, iliwatia moyo watawala wa kienyeji wajenge vituo vidogo vya dawa, na katika kila kituo akawekwa kijana mwanamume aliyefundishwa kuosha vidonda, kufunga bendeji na kutoa dawa chache. Watu wakamwita dresa. Dresa wengi walikuwa wamesoma madarasa machache tu. Walifundishwa kwa miezi, si kwa miaka, tena kwa Kiswahili. Ndio waliokuwa daktari, mwuguzi na mtunza hesabu wa mahali pazima, nao waliwafaa watu. Mzee aliyepona buba kwa sindano ya dresa hakuuliza kama ana digrii.

Hospitali za misioni ndizo zilizochukua mzigo mkubwa wa kufundisha. Katika sehemu zetu za katikati ya nchi, CMS ya Australia ilipokea kazi mwaka wa 1927, na hospitali zake za Mvumi katika Ugogo na Kilimatinde, palipokuwa na boma la Wadachi, zilifundisha wauguzi. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani waliingia Iramba katika miaka ile ile ya 1920, wakishika kazi iliyoanzishwa na Wadachi wa Leipzig, na baadaye Kiomboi pakawa na hospitali na chuo cha wauguzi. Masista wa Medical Missionaries of Mary walifika Makiungu mwaka wa 1954. Haydom, ng'ambo ya pili kwa Wambulu, hospitali ya Walutheri wa Norway ilifunguliwa mwaka wa 1955. Huko kusini, Lulindi karibu na Masasi, daktari Leader Stirling alifika mwaka wa 1935 akawafundisha vijana kazi ya uuguzi katika majengo ya miti na nyasi. Mtu huyu baadaye alikuwa raia wa Tanzania, na tangu mwaka wa 1975 hata 1980 alikuwa Waziri wa Afya.

Katika hospitali nyingi hizo za bara, wauguzi wa kwanza walikuwa wanaume. Wageni hushangaa wasikiapo haya, kwa kuwa kwao uuguzi ni kazi ya wanawake. Sababu ni nyepesi: msichana hakuwekwa shuleni, na aliyewekwa alitolewa kabla hajamaliza, kwa kuwa mahari ilikuwa imekwisha kuzungumzwa. Chuo hakiwezi kumpokea asiyejua kusoma. Basi wasichana wetu hawakukosa digrii kwa sababu ya chuo kikuu. Waliikosa katika darasa la nne. Twalisema hili waziwazi, maana hata leo wako wazazi wanaolalamika ya kuwa vyuo vina upendeleo, nao wenyewe wamemtuma binti kuchunga siku ya somo la hesabu.

Nchi ilipopata uhuru mwaka wa 1961, madaktari Watanganyika walikuwa kama 12 tu, kwa hesabu itajwayo mara kwa mara. Mtu awaza: kama madaktari walikuwa 12, ni nani aliyekuwa akiwatibu watu? Walikuwa wauguzi na dresa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 Serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini, na ili kuvipatia watumishi ikabidi wafundishwe watu wengi kwa muda mfupi, wakiwamo wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, wasichana waliomaliza darasa la saba na kupewa mafunzo mafupi kuliko ya mwuguzi kamili. Kazi yao ilikuwa njema: kupima watoto, kuchanja, kuwaangalia wajawazito. Lakini walipotaka kupanda, walikuta ngazi haina vipago vya katikati. Aliyesoma kwa Kiswahili alikuta chuo cha juu chafundisha kwa Kiingereza. Aliyefundishwa kupima mtoto hakufundishwa kemia.

Digrii ya kwanza ya uuguzi katika Tanzania ilianza mwaka wa 1988 pale Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makerere walianza ya kwao mwaka wa 1993. Yaani tangu Nightingale kufungua chuo chake hata mwuguzi wa kwanza kuanza digrii katika nchi yetu ilipita miaka 128. Baadaye vyuo vimeongezeka: KCMC huko Moshi, Bugando huko Mwanza, Kairuki huko Dar es Salaam, na karibu nasi, Dodoma, Chuo Kikuu cha Dodoma na kile cha Mtakatifu Yohana, ambavyo vyote viwili vilianza mwaka wa 2007. Kijana wa Ilongero apanda basi Singida asubuhi, na jioni yuko mlangoni pa chuo.

Na njia ya upesi? Kwetu ipo, lakini si ile ya Marekani. Kwetu ni ya mwuguzi aliye kazini. Chuo Kikuu cha Aga Khan, ambacho huko Karachi kilianza na shule ya uuguzi mwaka wa 1980 kabla ya kuitwa chuo kikuu mwaka wa 1983, kilileta masomo yake Afrika ya Mashariki katika mwaka wa 2001 na ule uliofuata, kwa ombi la Serikali za Kenya, Uganda na Tanzania. Mwenye stashahada aliweza kuendelea na kazi yake hospitalini, akaja darasani siku chache za juma, na kuipata digrii kwa muda mfupi kuliko miaka 4 ya wale waanzao mwanzo. Katika Kenya, AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi walianza mwaka wa 2005 kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wa cheti, ambao idadi yao ilizidi 20,000, ili wapande kufikia stashahada pasipo kuacha zahanati zao. Tazameni ya kuwa pote pale ambapo muda umefupishwa, ni kwa sababu mtu alikuja na kitu mkononi: huyu miaka ya kazi, yule digrii nyingine, na Nightingale taarifa zake za alfajiri.

Tuje sasa katika maandalio. Kwa mtoto aliye shuleni bado, jambo kubwa ni masomo ya sayansi tangu kidato cha kwanza. Chuo kikuu hutazama matokeo ya kidato cha sita katika Kemia na Baiolojia, na vyuo vingi hutaka Fizikia pia. Lakini mtoto hawezi kufika huko ikiwa katika kidato cha pili ameambiwa ya kuwa Fizikia ni ya wavulana. Hesabu nayo isidharauliwe. Mwuguzi huhesabu matone ya maji ya mshipani kwa dakika, hugawa kipimo cha dawa kwa uzito wa mtoto, na akikosea nukta moja mtoto hupewa dawa mara kumi. Kwa hiyo twawaambia wanafunzi wetu ya kuwa desimali ni jambo la uhai, wala hatutii chumvi.

Kwa aliye mwuguzi wa stashahada, mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu kwa kawaida hutaka wastani wa daraja B au hesabu ya alama isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi, Hesabu na Kiingereza katika kidato cha nne. Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu amefanya kazi miaka kumi, anasifiwa na wilaya nzima, kisha ombi lake larudishwa kwa ajili ya Fizikia aliyoanguka akiwa na miaka 17. Dawa yake ipo, nayo si ya kuomba huruma: na ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, alirudie somo lile moja, atafute mwalimu wa sekondari iliyo karibu amsaidie jioni. Itamchukua mwaka. Tumeona watu wazima, wenye watoto, wakikaa dawati moja na vijana, wala hawakufa kwa aibu.

Jambo la pili, ambalo watu hulidharau na ndilo linalowaponza, ni majina. Katika kabila letu mtoto huwa na jina la nyumbani, jina la ubatizo, na jina la baba, ambaye naye ana majina mawili. Cheti cha kuzaliwa husema hivi, cheti cha shule ya msingi husema vile, cha kidato cha nne kimekosa herufi moja, na leseni ya uuguzi ina jina la mume. Karani wa chuo aliye mbali hawezi kujua ya kuwa watu wanne hao ni mtu mmoja. Basi kabla ya kuandika ombi, vyeti vyote viwekwe mezani, visomwe kwa sauti, na palipo na tofauti paende kurekebishwa kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina. Kazi hii huchukua majuma, tena nauli. Afadhali aianze wakati wa kuvuna kuliko siku tatu kabla ya mlango kufungwa.

Mwenye stashahada hudaiwa pia namba ya uhakiki ya tuzo yake, ambayo watu huiita AVN, nayo hutolewa na baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Asiyekuwa nayo hawezi kuendelea na maombi. Aliyeajiriwa hupaswa kuomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake kwa maandishi, na kuipata kwa maandishi. Aondokaye kwa ruhusa ya mdomo aweza kurudi na digrii akakuta jina lake limefutwa katika daftari ya mishahara. Kuhusu ada, Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2004 ipo, lakini mkopo si wa kila mtu, tena hulipwa. Mzazi auzaye ng'ombe na afanye hesabu ya miaka yote, chakula na pango, wala si ya mwaka wa kwanza tu. Chuo kiko wazi siku ya kuingia. Mfuko huanza kulia mwaka wa pili.

Liko swali moja ambalo wazee huliuliza kwa upole, nasi hatuna haja ya kulikwepa. Wasema: "Mwalimu, tukimsomesha huyu hata digrii, je, atarudi Ilongero kukaa katika zahanati, au tutakuwa tumewasomeshea watu wa Dar es Salaam?" Ni swali la haki. Mwenye digrii hupewa kazi ya kusimamia wodi, kufundisha vyuoni, au kuongoza wauguzi wa wilaya, na kazi hizo haziko kila kijiji. Wengine huvuka mipaka kabisa. Walakini mwuguzi anayesimamia wengine akiwa Singida mjini aweza kuwafaa wajawazito wa vijiji hamsini kwa kuona mapema ya kuwa kituo fulani hakina dawa ya kuzuia damu, na kwa kujua kuandika barua ikasikiwa. Dresa wa zamani aliona upungufu ule ule, lakini hakuwa na cheo cha kuusema. Kwa maoni yetu hasara si mtoto kwenda mbali. Hasara ni zahanati kubaki na mtumishi mmoja aliyechoka huku sisi tukibishana nani asomeshwe.

Maombi ya vyuo vikuu kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Julai, matokeo ya kidato cha sita yakiisha kutangazwa, na mwongozo wa mwaka ule hutolewa kabla yake kidogo. Masharti hubadilika, kwa hiyo na usomwe mwongozo wa mwaka huu, si wa mwaka ambao binamu aliingia. Na mwenye stashahada ambaye leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga imepita muda, na aihuishe kwanza, maana vyuo vya wauguzi walio kazini huitaka kabla ya kutazama karatasi nyingine yo yote.